Hii siyo miguu ya bia, inauma. Kuna mwenye uzoefu wa kuitunza bila kupasuliwa?

#1 Mama_Viazi_Uyole

Wakuu habari za humu. Naomba mnisome hadi mwisho, leo nimeandika yote niliyokuwa nayameza.

Nina miaka 38, naishi Uyole, nalima na kuuza viazi. Tangu nivunje ungo miguu yangu ilianza kunenepa kuanzia nyonga kushuka chini, halafu ikifika kifundoni inakatika ghafla. Nyayo zenyewe ni ndogo, navaa namba 37, vidole vimechongoka kama vya binti. Ila juu ya kifundo nyama imekaa duara kama nimevaa kikuku. Shuleni waliniita "miguu ya bia" na nilifurahi, sikatai.

Baada ya mtoto wa pili mambo yakageuka. Paja likibonyezwa kidogo nasikia uchungu mpaka mgongoni. Mwanangu akinirukia mapajani machozi yananitoka. Kila wiki naamka na madoa ya damu iliyovilia na sijui nimejigonga wapi. Jioni miguu inakuwa mizito utadhani nimefungiwa debe la viazi kila upande. Mabuti ya mvua nimeyapasua kwa wembe upande wa nyuma, kuanzia juu hadi karibu na kisigino, nikayafunga kwa mpira wa baiskeli, maana bila hivyo masika siingii shambani.

Nilienda kituo cha afya nikaambiwa ni unene, nipunguze kula. Nikapunguza kwelikweli, miezi 6 nimeshuka kilo 11. Uso umechongoka, mitulinga imetokeza, mama mkwe anauliza kama naumwa. Miguu? Kigimbi kilikuwa sentimita 51, na leo ni 51.

Mama yangu alikuwa hivi, mama mkubwa yuko hivi, na binti yangu wa miaka 12 naona ameanza. Mpwa wangu aliyeko chuo amesoma akaniambia kuna kitu kinaitwa lipidema. Upasuaji sina hela yake na moyo wangu haukubali. Nataka kujua ni nini hasa, na mtu anaishije nacho.

#2 Kijana_Kabwe

Nimevuta kigoda, nasubiri wataalamu. Pole dada.

#3 Mzee_wa_Makete

Pole mwanangu. Hayo ni matende. Nimeyaona mengi nilipokuwa nafanya kazi Pwani. Nenda ukachome sindano mapema kabla ngozi haijawa ngumu.

#4 Mkyela_Asilia

Shikamoo mzee wa #3. Kwa heshima, hapo nakupinga. Mimi nimezaliwa Kyela, matende tunayajua kama tunavyoujua mchele wetu. Babu yangu alikuwa nayo. Yanaletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na ndiyo maana watu wamekuwa wakigawiwa vidonge vya ivermectin na albendazole vijiji kwa vijiji. Sindano ya matende hakuna.

Mguu wa babu ulivimba mmoja tu, na ulianzia kwenye wayo. Vidole vilikuwa vimezama kwenye nyama, viatu alivaa vya kushonewa. Dada anasema miguu yote miwili iko sawa na nyayo ni namba 37. Huo si mguu niliokuwa naoshea babu yangu kila jioni.

#5 Sijali_Tunduma

Mama na mama mkubwa na sasa mtoto? Hicho ni kitu cha ukoo. Kuna mtu alitega njiani, na damu ikivilia usiku bila kujigonga maana yake unachezewa. Nasema kwa uchungu kwa sababu dada yangu alipona kwa njia hiyo. Kaeni kikao cha ukoo kabla ya hospitali.

#6 Mama_Viazi_Uyole

#5 nakuelewa kaka, kikao tulikaa mwaka juzi na mbuzi alichinjwa. Uchungu uko palepale. #3 asante baba yangu. #4 ndaga fijo, kumbe nyayo zina maana.

#7 Nesi_Mstaafu

Mabinti zangu, nimefanya kazi wodini miaka 31, wodi za Iringa na za Mbeya, ngoja niseme ninachokijua.

Kwanza kabisa, mguu MMOJA ukivimba ghafla, ukawa wa moto na unauma kigimbini, usikae humu kusoma uzi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Kama unavimba na pumzi inakata ukilala chali, angalieni moyo. Uso ukivimba asubuhi, angalieni figo.

Ukishatoa hayo, fanya hivi nyumbani. Bonyeza mfupa wa ugoko kwa kidole gumba, hesabu taratibu hadi 30, kisha achia. Kikibaki kishimo, kuna maji. Kisipobaki, maji si tatizo kubwa. Halafu shika ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia, ujaribu kuikunja kwa vidole viwili. Ikikunjika, mfereji wa limfu (majimaji ya mwili yanayorudishwa kwenye damu) huenda uko salama. Ikigoma kushikika, ni limfu au matende.

Lipidema niliwahi kuisikia kwenye semina. Ni maji yaliyochanganyika na mafuta, kwa hiyo punguza chumvi na ulale umeinua miguu.

#8 Fizio_Kihesa

Kamwene wote. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, niko Iringa. Mama Nesi #7 umesema vizuri sana, hasa hilo la mguu mmoja. Naomba kurekebisha mawili.

Ngozi ya kidole kukunjika hakumalizi kesi, maana tatizo la limfu likiwa changa ngozi bado hukunjika. Inabidi mtu apimwe tena baadaye. La pili, lipidema si maji yaliyochanganyika na mafuta. Jina ndilo linalotupoteza. Madaktari wawili wa Mayo Clinic kule Marekani, Allen na Hines, ndio walioielezea mwaka 1940 na kuipa jina lenye neno "uvimbe wa maji" ndani yake, na hadi leo wataalamu wanabishana kama maji yanahusika hata kidogo. Wataalamu wa Ulaya waliokubaliana mwongozo wa mwaka 2020 walisema wazi kwamba ushahidi wa maji haupo. Kilichopo ni mafuta ya chini ya ngozi yanayokaa pande zote mbili sawasawa, yanauma yakiguswa, yanaacha wayo. Huwapata karibu wanawake pekee, na huanza au kuzidi wakati wa kuvunja ungo, ujauzito au kukoma hedhi.

Kwa hiyo vidonge vya kukojoza havitibu hili. Vinatoa maji ya mwili na madini, mafuta yanabaki.

Mleta uzi, chukua futi ya fundi, pima kiuno na urefu wako, utuletee. Uzito wa mizani unamdhulumu mwenye mapaja kama yako.

#9 Mwalimu_Njombe

Hapo pa vidonge vya kukojoza nakazia kwa machozi. Duka moja la dawa, silitaji, liliniuzia nikatumia miezi 3. Vigimbi vilikaza usiku hadi nikawa namwamsha mume wangu anisaidie kusimama. Miguu haikupungua hata kidogo.

Ila mimi nina swali jingine. Kwa mama yangu ilikuwa tezi. Nyinyi wa nyanda za juu mnakumbuka kabla ya chumvi ya madini joto jinsi bibi zetu walivyokuwa na rovu shingoni. Mama alivimba miguu, akawa anasikia baridi hata Desemba, nywele zikanyonyoka, sauti ikawa nzito. Alipopimwa tezi ikaonekana imelala. Alipoanza dawa miguu ilipungua. Kwa nini asianze na tezi?

#10 Fizio_Kihesa

Mwalimu, umesema jambo la maana, aipime. Kipimo chenyewe ni cha damu, kinaitwa TSH. Ila tezi iliyolala haichagui miguu na kuacha nyayo, na haianzi mtu anapovunja ungo ikakaa miaka 25 bila dalili nyingine.

#11 Mnyalukolo_Halisi

Nyote mmesahau udongo. Bibi yangu mzaa mama alitoka milima ya Rungwe, alilima peku maisha yake yote kwenye udongo wa volkano. Miguu ilimvimba yote miwili na hakuwa na mbu wala minyoo, kule juu ni baridi. Nimesoma kwamba udongo mwekundu wa volkano una chembe ndogo zinazopenya ngozi ya wayo na kuziba limfu, na Ethiopia wana wagonjwa wengi sana. Tunaita matende kila kitu wakati matende ya milimani ni mengine. Dada wa Uyole analima, si ndiyo hayo?

#12 Mzee_wa_Makete

Hapo mjukuu umenifundisha kitu. Kwetu Makete kulikuwa na mama wa hivyo, na mbu hatuna.

#13 Fizio_Kihesa

Mnyalukolo, ugonjwa huo upo, unaitwa podokoniosi, na ulivyoueleza ni sawa. Viatu na sabuni ndivyo vinavyouzuia. Ila angalia unakoanzia. Wa udongo unapanda, yaani vidole, wayo, ugoko, na kwa kawaida haupiti goti. Wa dada unashuka kutoka nyonga na unagoma kuingia kwenye wayo. Bibi yako vidole vyake vilikuwaje?

#14 Mnyalukolo_Halisi

Vilikuwa na vinundu kama kuvu. Haya, kwa bibi nimeshinda, kwa dada nimeshindwa. Ila bado nasema avae mabuti.

#15 Fundi_Mwanjelwa

Mimi si wa dawa, mimi ni wa cherehani, miaka 22. Niseme nilichokiona kwenye futi.

Kuna wanawake wanakuja kiuno 74, nyonga 118. Suruali ikipita kwenye paja, kiunoni unaingiza ngumi mbili. Gauni nawakatia vipande viwili kama watu wawili tofauti. Na wanakuja kwa ukoo: mama, kisha binti, kisha mdogo mtu, mpaka naujua ukoo kwa nyonga kabla hawajataja jina. Wengine wao nikizungusha futi pajani wanashtuka, wanasema "fundi taratibu". Nilidhani ni aibu. Leo nimesoma #1 nikaacha mashine nikakaa. Kumbe walikuwa wanaumia.

#16 Rungwe_Ughaibuni

Fundi #15, nimelia. Mama yangu alikuwa anasema hivyo hivyo, "fundi taratibu".

Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, niko Ujerumani mwaka wa 9. Nina lipidema, niliambiwa na daktari wa mishipa baada ya kuzungushwa miaka 4. Kule wameandika upya mwongozo wao mwaka 2024 na wamekaza jambo moja: bila maumivu, hiyo si lipidema. Miguu minene isiyouma ni umbo tu, haihitaji tiba. Kwa hiyo miguu ya bia ipo, na lipidema ipo, vinafanana kwa macho tu.

Ninavyoishi nayo bila kisu: soksi za kubana kila siku. Si zile nyororo za kwenye ndege. Ni za ufumaji bapa, nzito, zina mshono nyuma, zinashonwa kwa vipimo vya mguu wako. Kuna madaraja ya mbano, yanapimwa kwa milimita za zebaki kama presha: la 1 ni 18 hadi 21, la 2 ni 23 hadi 32. Mimi navaa la 2. Nazivaa asubuhi kabla sijashuka kitandani, kwa glovu za mpira za kuoshea vyombo, bila glovu kucha zinachana na mikono inachoka. Jioni nikizivua ngozi ina mistari kama mkeka. Naoga, napaka mafuta, nalala.

Hazijapunguza sentimita. Niseme ukweli huo, maana nilizichukia mwaka mzima nikisubiri zipunguze. Zimepunguza uchungu na ule uzito wa jioni.

#17 Kijana_Kabwe

Hizo soksi nzito zenye mshono mbona zipo kwenye mitumba! Marobota ya Mwanjelwa zinatoka rangi ya ngozi ya kizungu, watu wanazinunua wavae pikipiki asubuhi ya baridi. Elfu 3 hadi 5. Mimi mwenyewe ninayo moja ya kushoto.

#18 Mwalimu_Njombe

Ya kushoto peke yake mdogo wangu? Na kulia unavaa nini Juni?

#19 Kijana_Kabwe

Kulia navaa mbili za mpira. Dada Mwalimu niache, Njombe kwenyewe mnalala na jaketi.

#20 Fizio_Kihesa

Kijana umetuletea kitu cha maana, lakini tahadhari. Soksi ya mtumba imeshonwa kwa mguu wa mtu mwingine. Ikibana zaidi gotini kuliko kifundoni inakuwa kamba, inafunga damu chini. Vuta kitambaa, kikirudi polepole mpira umekufa, hiyo ni soksi ya baridi tu. Mwenye kisukari cha muda mrefu, au mwenye nyayo za baridi na mapigo yasiyosikika juu ya wayo, asivae chochote cha kubana kabla ya kupimwa mishipa.

Na msifunge vipande vya khanga. Nimempokea mama aliyejifunga khanga kwa mzunguko, pale ilipoishia palikuwa na mtaro wa kidole na chini yake pamevimba kweli. Kwa asiye na soksi za kupima, anzeni na taiti za mazoezi zenye mbano, za kiuno kirefu, mbili juu ya nyingine kama moja ni laini.

#21 Nesi_Mstaafu

Fizio nimepokea marekebisho ya #8, nashukuru. Niulize: na kukanda je? Sisi tulifundishwa kukanda.

#22 Mama_Parachichi_Rungwe

Kukanda kuniulize mimi. Nilipelekwa kwa mchua mmoja anayesifika, akanichua kwa mafuta ya nyonyo kwa nguvu zote akisema anayeyusha mafuta. Nilitoka na madoa meusi mapaja yote, wiki 2 siwezi kukaa kwenye stuli.

#23 Fizio_Kihesa

Pole sana mama. Mafuta hayayeyuki kwa kuchuliwa, na mishipa midogo ya watu hawa hupasuka kirahisi. Kukanda kunakofaa ni kwepesi, kama unasukuma ngozi tu juu ya nyama, kuelekea kinenani. Baadhi hupata nafuu ya uchungu kwa siku moja mbili, wengine hawasikii tofauti. Siwezi kukuambia uuze mbuzi kwa ajili hiyo.

#24 Rungwe_Ughaibuni

Mimi kunanisaidia sana Fizio. Nikikosa wiki 2 najua.

#25 Fizio_Kihesa

Basi endelea dada. Nimesema baadhi.

#26 Mama_Parachichi_Rungwe

Tuje kwenye chakula maana hapo ndipo nimepigana. Niliacha ugali, mkate, sukari ya chai na ndizi za kupika. Kwetu kuacha ndizi ni kama kuhama ukoo, mama mkwe hakunisemesha wiki nzima. Nakula parachichi mbili kwa siku (zipo shambani, bure), mayai, dagaa wa Nyasa, mboga za maboga, maharage kidogo. Mwezi wa 2 nikagundua nimelala kwa ubavu usiku kucha. Miaka 6 nilikuwa siwezi kulala kwa ubavu, goti likikaa juu ya goti ni moto.

Kwa hiyo mleta uzi, muuza viazi, viazi ndivyo adui zako!

#27 Mama_Viazi_Uyole

Mama Parachichi usinifukuze kwenye biashara 😂 Nisipokula viazi nitawaambiaje wateja ni vitamu?

#28 Mzee_wa_Makete

Hapana, hapana. Mababu zetu walikula viazi na ulezi wakafika miaka 90, miguu kama fimbo. Chakula chetu hakina kosa. Kosa ni mafuta ya kula ya siku hizi na soda.

#29 Fizio_Kihesa

Mzee, mababu wenye miguu kama fimbo hawakuwa na lipidema. Kuna utafiti wa Norway uliotoka 2024: wanawake 70 wenye lipidema na unene, wiki 8, kundi moja wanga kidogo, jingine mafuta kidogo, nishati sawa. Waliopunguza wanga ndio maumivu yalipungua. Ni wiki 8 tu na watu 70, siwezi kulifanya sheria. Lakini ukisoma #26 alivyolala kwa ubavu, unaona inafaa kujaribu. Dada apunguze viazi, asiache kabisa kama hawezi. Na asijinyime kama ile miezi 6, mtulinga umetokeza na kigimbi ni 51 vilevile, njaa ile ilimla juu tu.

#30 Mwalimu_Njombe

Hilo la njaa liandikwe kwa wino mwekundu. Sisi wengi tumeadhibiwa kwa njaa miaka na miaka.

#31 Mkyela_Asilia

Maji hamjayasema. Mke wangu ana miguu ya aina hii, akiingia Ziwa Nyasa pale Matema hadi kifuani akatembea nusu saa, anatoka anacheka. Anasema ndani ya maji miguu haipo.

#32 Fizio_Kihesa

Mke wako anajua fizikia. Maji hubana kadiri kina kinavyoongezeka. Kina cha mita 1 hubana wayo kwa takriban milimita 74 za zebaki juu ya hewa ya kawaida, zaidi ya mara mbili ya soksi ya daraja la 2, na mbano unapungua taratibu kwenda juu. Hakuna fundi anayeshona soksi kama hiyo. Tena magoti hayabebi uzito.

#33 Nesi_Mstaafu

Na kichocho mnakiweka wapi? Ziwa lina konokono, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Achague ufukwe wa mawimbi na mchanga, ajikaushe akitoka, na apimwe kila mwaka.

#34 Sijali_Tunduma

Na mamba kwenye midomo ya mito. Kwa nini asiende Ziwa Ngosi, karibu na Uyole?

#35 Mkyela_Asilia

Ngosi! Ule mteremko wa kushuka majini mtu mwenye magoti mazima anashikilia mizizi. Na maji yenyewe ya baridi, wazee wanasema hayapendi kelele. Kaka wa Tunduma unataka kumuua dada yetu. Njooni Matema, wali wa Kyela na mbasa wa kukaanga juu yangu.

#36 Kijana_Kabwe

Wali si wanga? 😀

#37 Mkyela_Asilia

Wa Kyela hauhesabiwi.

#38 Mwanamke_Makambako

Nimesoma kimya toka #1. Mimi yangu ilianza baada ya sindano ya uzazi wa mpango. Kabla ya hapo nilikuwa na miguu ya kawaida kabisa. Mbona hakuna aliyeitaja? Nina hakika ndiyo chanzo.

#39 Nesi_Mstaafu

Mwanangu, wanaoshuku homoni hawajakosea, maana nyakati zote inapoanza ni nyakati za homoni. Lakini dada wa #1 ilianza akiwa binti, mama yake enzi zile hakuwa na sindano. Usiache njia ghafla ukapata ujauzito usioupanga, maana ujauzito nao huizidisha. Mweleze mhudumu akubadilishie.

#40 Mwanamke_Makambako

Sawa mama, ila kwangu ni sindano. Mwili wangu naujua.

#41 Mume_wa_Mafinga

Naomba nafasi na mimi. Mke wangu ana haya yote. Miaka mingi nilimwambia "fanya mazoezi" na nikaona yeye ni mvivu. Usiku nikimshika anausukuma mkono, nikaumia nikidhani hanitaki. Jana nimemsomea #1 kwa sauti. Alikaa kimya muda mrefu, akasema "huyo mama ameandika mguu wangu". Leo nimenunua beseni kubwa na taiti mbili. Niongeze nini?

#42 Rungwe_Ughaibuni

Muulize akuonyeshe mahali pasipouma. Anza na hapo.

#43 Mama_Viazi_Uyole

MREJESHO. Imepita miezi 3 na nusu. Samahani kwa kimya, ilikuwa msimu wa kuvuna.

Fizio, kiuno 76, urefu 158.

Nilipima TSH, tezi iko sawa. Figo na moyo sawa. Kidole kilikunjika, kishimo hakikubaki. Nilichapa karatasi yenye namba ya ugonjwa, EF02.2, kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022, nikampa daktari. Wa kwanza aliikunja akaniambia niache kusoma mitandao. Wa pili, kijana mdogo, aliisoma mara 2, akaniomba abaki nayo, akanigusa paja kwa mgongo wa mkono, taratibu kama anagusa mtoto. Nilijikuta nalia pale kitini.

Navaa taiti mbili hadi saa 10 jioni. Viazi nakula mara 2 kwa wiki. Natembea kutoka Uyole hadi Nsalaga asubuhi kabla ya soko. Kigimbi ni 50, sijui kama ni mimi au ni futi. Ila uchungu ule wa kuguswa, kama ulikuwa 8 kati ya 10, sasa ni 5, siku nyingine 4. Mwanangu amenirukia juzi na sikulia.

#44 Fizio_Kihesa

Nusu ya 158 ni 79, wewe una 76. Kiuno chako kiko chini ya nusu ya urefu. Mama, wewe huna unene wa kukugombeza. Hongera sana.

#45 Mama_Viazi_Uyole

Binti yangu je? Ana miaka 12, mapaja yameanza, lakini hasemi kama yanauma. Nimvalishe taiti?

#46 Rungwe_Ughaibuni

Mvalishe mapema. Mimi ningeanza nikiwa na miaka 12 nisingefika hapa.

#47 Fizio_Kihesa

Hapo tunatofautiana dada. Kama hayamuumi, usimpe ugonjwa ambao hana. Acheze mpira, aogelee, asinyimwe chakula, na msimpime miguu kila wiki. Akianza kulalamika uchungu, aje.

#48 Nesi_Mstaafu

Na mama mkubwa je? Hukutuambia kidole chake kama kinakunjika. Kwa umri wake, lipidema ya miaka mingi huweza kuvuta limfu nayo ikachoka. Mbonyeze ugokoni utuletee majibu.

#49 Mama_Viazi_Uyole

Naenda kwake Jumapili mama, nitambonyeza.

#50 Fundi_Mwanjelwa

Ukirudi Jumatatu pita kwangu na yale mabuti uliyoyapasua kwa wembe. Nina turubai la lori na zipu ndefu, nitaunga kipande pale nyuma, maji hayataingia. Na futi nitaizungusha taratibu.